Maji Yanayoingia Baharini Bila Kuonekana

SWALI: Mhariri, maji yanapokupwa hapa kwetu Tanga, huona maji yakichuruzika kutoka mchangani mahali pasipo na mto. Nimesoma kwamba kuna wataalamu wanaotumia mionzi kupima maji ya namna hiyo kwenye midomo ya mito. Je, humwaga sumu majini? Na maji hayo yote huwa ni matamu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hakuna kinachomwagwa. Miamba na mchanga vina urani na thori za asili, elementi zenye mionzi, ambazo zikioza, yaani atomi zake zikivunjika zenyewe, huzaa radiamu na gesi ya radoni, nazo pia zenye mionzi. Maji yaliyokaa ardhini huwa na radoni mara mia, pengine mara elfu, kuliko maji ya juu. Na kwa kuwa nusu yake huisha kwa siku 3.8 tu, inapokutwa kwa wingi mdomoni mwa mto ni dalili kwamba maji ya chini ya ardhi yametoka karibuni. Kero ni kwamba gesi hiyo hupeperuka, hivyo mtafiti hana budi kukadiria kiasi kilichopotelea hewani.

Radiamu haipeperuki. Katika maji matamu hunata kwenye chembe za udongo, na ikikutana na chumvi hubanduka. Mwaka 1996 Willard Moore wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, alionyesha kwamba radiamu-226, aina mojawapo ya radiamu, iliyokuwamo katika bahari ya pwani ya South Carolina ilizidi mno ile inayoweza kuletwa na mito pamoja na tope lake. Akakadiria kwamba maji ya chini yaliyoingia yalifikia takribani asilimia 40 ya maji ya mito. Ili kuinasa radiamu, maji mengi, mara nyingi mamia ya lita, hupitishwa polepole katika nyuzi za akriliki zilizopakwa oksidi ya manganizi.

Ama kuhusu utamu, la. Maji kujaa husukuma maji ya bahari mchangani, nayo hurudi yakiwa yamebeba radiamu vilevile, kwa hiyo kipimo hiki hujumlisha matamu na ya chumvi, na ni lazima chumvi ipimwe kando. Isitoshe, hesabu yote husimama juu ya kiasi cha radiamu kilichomo katika maji ya chini yenyewe, na visima viwili vilivyo jirani huweza kutofautiana sana. Ndiyo maana mimi nikiletewa ripoti ya aina hii, kwanza hutazama ni visima vingapi vilivyochotwa.