Wasomaji Wanauliza: Majaruba ya Wahani kule Yuanyang

Nimeziona picha za majaruba ya ngazi ya Yunnan, China, yaking'aa kama vioo. Mwenzangu alikwenda Agosti akakuta kijani kitupu. Niende lini?

Mwenzako alifika mpunga umeshasimama. Kijani nacho kina uzuri wake, ila si ile picha. Wahani, kabila linalolima majaruba hayo, huvuna Septemba na Oktoba, kisha hutengeneza kingo na kuyajaza majaruba maji, yakakaa hivyo mpaka miche ipandikizwe Aprili na Mei. Basi vioo vyako ni kuanzia Desemba hadi Machi. Maji hayo hayaachwi kwa ajili ya wapiga picha. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, na nyufa zikishaingia kwenye ukingo, maji ya msimu unaofuata huvujia humo mpaka tuta la juu likaporomokea la chini yake.

Miezi hiyohiyo ukungu huweza kufunika bonde zima asubuhi nzima. Tenga siku tatu. Anayetenga moja anacheza bahati nasibu.

Basi linanishusha wapi?

Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana Yuanyang ni jina la wilaya nzima. Nansha, makao makuu mapya, iko chini kando ya Mto Mwekundu, kwenye joto, na si mahali pa kuyatazamia majaruba. Unakotaka ni Xinjie, mji wa zamani ulio juu mlimani. Basi likiishia Nansha, panda gari jingine la kwenda Xinjie. Macheo hutazamwa Duoyishu, machweo Bada na Laohuzui. Lala Duoyishu ili alfajiri utoke kwa miguu, na ubebe sweta nzito.

Nimesikia hawatumii pampu. Maji yanapandaje mlima, na nani anayagawa?

Hayapandi, yanashuka. Kileleni kuna msitu usiokatwa ovyo, chini yake vijiji, kisha majaruba, halafu mto. Mvuke wa bonde lenye joto hupanda, ukawa ukungu na mvua. Msitu huyanasa maji hayo na kuyaachia kidogokidogo kwenye chemchemi na mifereji. Mpango huu una zaidi ya miaka 1,300, na mwaka 2013 UNESCO iliingiza eneo la hekta 16,603 kwenye Urithi wa Dunia.

Mgao wenyewe utauona mfereji unapogawanyika. Inama utazame: gogo au jiwe limelazwa kukatiza maji, na juu yake yamechongwa mapengo. Pengo pana ni la mashamba mengi, jembamba la machache, kama walivyokubaliana. Hakuna koki wala mita. Ila gogo lazima lilale sawasawa; likiinama hata kidogo, pengo la upande ule hunywa maji ya jirani. Kwa hiyo usilikanyage kuvukia, wala usitoe jani au jiwe lililokwama pale. Hiyo ni kazi ya mlinzi wa mfereji, ambaye kwa desturi hulipwa nafaka na wanaotumia maji.

Mbolea nayo husafiri kwa njia hiyohiyo. Samadi hukusanywa kwenye bwawa la kijiji, kisha hufunguliwa ishuke na maji hadi mashambani.

Naruhusiwa kuingia kijijini? Sikukuu je?

Ndiyo. Kijiji cha Azheke bado kina nyumba zenye paa la nyasi linalofanana na uyoga: mifugo chini, watu katikati, nafaka darini. Usiingie kwenye kijisitu kitakatifu cha kijiji bila mwenyeji, na usivunje hata kijiti. Hapo hutolewa kafara ya Angmatu, sikukuu ambayo kila nyumba hutoa meza yake, zikapangwa mstari mmoja mrefu barabarani watu wale pamoja. Siku yake hupangwa na kila kijiji, kwa hiyo muulize mwenye nyumba ya wageni kabla ya kukata tiketi. Kuzhazha, yenye bembea kubwa, huja mwezi wa sita wa kalenda ya mwezi, mara nyingi Julai.

Ukinunua mchele mwekundu wa kule, uloweke saa kadhaa kabla ya kuupika. Haukobolewi mpaka mweupe, na ukiutia jikoni mkavu, nje utaiva na kiini kibaki kigumu.