Kwa Wanaoanza Kujitolea Magerezani: Ihesabuni Siku ya Kutoka

Ninyi mnaojiunga nasi kuwatembelea na kuwafunza wafungwa wa vifungo vifupi hapa Nairobi mtaelekezwa mengi kuhusu taratibu za langoni: kitambulisho mkononi, simu iachwe nje, mzigo ukaguliwe, afisa aheshimiwe kwa cheo chake. Hayo mtayazoea upesi. Ninalotaka mlishike mapema ni kwamba mfungwa wa aina hii, ambaye ulinzi wake si mkali na ambaye pengine hutoka asubuhi kulima au kufyeka nyasi chini ya uangalizi wa askari, hana muda mrefu mbele yake. Lolote tunalomfanyia lina maana iwapo tu litamfaa siku atakapokuwa nje, na siku hiyo aghalabu iko karibu kuliko jamaa zake wanavyodhani.

Kwa hiyo jifunzeni kwanza kuhesabu kifungo. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, humwezesha mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, isipokuwa kwa makosa machache yaliyotengwa. Aliyehukumiwa miezi 9 hutarajia kutoka baada ya miezi 6 asipopoteza siku zake kwa utovu wa nidhamu, na aliyefungwa kwa kukosa faini aweza kutoka mara tu faini hiyo inapolipwa. Familia nyingi hazilijui hili. Kuna kijana aliyerudi Mathare baada ya miezi 8 akakuta chumba chake kimepangishwa mtu mwingine na cherehani yake imeuzwa, kwa sababu kaka yake alikuwa akingojea mwaka mzima upite kama ulivyotajwa mahakamani. Hakuna aliyemtakia mabaya; hawakuelezwa tu. Ulizeni tarehe kwa afisa anayeshughulikia maslahi ya wafungwa, kisha hakikisheni kwamba jamaa wameipata.

Tarehe hiyo ndiyo pia iwaongoze mnaposhauri kuhusu mafunzo. Useremala, ushonaji na uchomeleaji hufunzwa vizuri magerezani, na mwenye muda wa kutosha anaweza kujiandaa kwa mtihani wa ufundi wa serikali, akianzia gredi ya tatu. Lakini mtu mwenye miezi minne iliyobaki hatafika huko, na kumwandikisha ili orodha yetu ijae majina ni kumpotezea wakati. Huyo afunzwe kipande kimoja cha kazi akijue barabara, kama vile kukata na kushona sare za shule, huku sisi tukimtafutia mahali pa kuendelea. Semeni naye wazi pia kuhusu ajira: waajiri wengi hudai cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na aliyewahi kuhukumiwa hukwama papo hapo. Ndiyo maana mimi huamini zaidi fundi mmoja wa jua kali wa Kamukunji au Gikomba aliye tayari kumpokea mtu kuliko barua kumi za maombi ya kazi.

Sasa nije kwenye mawasiliano, ambayo wengi huyaona kama jambo la huruma la kufanywa nafasi ikipatikana. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 107 kwamba maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo, na kwamba asaidiwe kudumisha uhusiano na watu wa nje watakaomfaa. Mama aliye Kitui au Busia hana nauli ya kuja kila mwezi, hivyo barua hubeba mzigo mkubwa. Andikeni mkijua kwamba afisa ataisoma. Andikeni kwa lugha nyepesi, jina la mfungwa na nambari yake vikiwa sahihi, na msiahidi kitu ambacho hamjakishika mkononi.

Akiwaandikia, jibuni kila alilouliza. Ninaikumbuka barua moja ya mistari minne: mtoto amerudi shuleni? Deni la duka limelipwa? Fundi bado atanipokea? Basi. Mwenzetu alikwenda akauliza kila jambo mahali pake, na jibu la fundi, lililoandikwa kama lilivyotamkwa, lilikuwa kwamba aje na suruali ya kazi, nyundo ataikuta. Deni lilikuwa bado, naye akaambiwa hivyo hivyo. Habari mbaya iliyo ya kweli humsaidia mtu kupanga. Maneno matamu humfanya atoke akiwa kipofu.

Msibebe kamwe pesa, simu wala ujumbe wa siri, hata mkiombwa kwa machozi, kwa kuwa mbali na kuwa kosa, lango hufungwa kwa wafungwa wote mliokuwa mkiwafunza. Wala msimtafute mlalamishi ili kuombea mtu msamaha bila kupitia kwa afisa wa probesheni.

Miezi miwili kabla ya tarehe, ulizeni kitambulisho chake kiko wapi. Mara nyingi kilibaki kituo cha polisi alikokamatwa au kwa mwenye nyumba, na bila hicho hawezi kusajili laini ya simu wala kutumiwa pesa kwa M-Pesa. Ulizeni pia nguo atakazovaa, nauli, na mlango atakaobisha usiku wa kwanza.

Akishatoka, mpigieni simu wiki ya kwanza na tena wiki ya tatu, wakati ambapo makaribisho huwa yamepoa na kodi inadaiwa. Asipopatikana, nendeni kwa fundi kabla ya kwenda kwa mama yake. Mama atawaambia kwamba mwanawe yuko salama. Fundi atawaambia kama alifika kazini Jumatatu.