Joto la jenereta linaweza kututolea maji matamu?

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mie nipo Jambiani, kisima chetu kishaingia chumvi. Jirani kuna hoteli, jenereta lao linanguruma kutwa, maji ya rejeta ya moto hata mkono hutii, joto lote linapotea hewani tu. Jee, halifai kuchemshia maji ya bahari? Wenzangu wanasema mpaka yafike nyuzi 100.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Linafaa. Nyuzi 100 ni za sufuria ilokuwa wazi, ukiyatia maji kwenye tangi lililozibwa kisawasawa ukafyonza hewa mpaka ikabaki kama sehemu moja ya kumi yanachemka kwenye 45 tu, na maji ya kupoza injini hutoka na 80 mpaka 90. Meli kubwa ndo zinavyopata maji siku zote, maji moto ya injini yanapita upande mmoja wa mabati membamba, ya bahari upande wa pili, mvuke ukipanda unakutana na mabati yaliyopozwa na bahari hiyohiyo unadondoka maji matamu.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wanapouziwa mitambo isiyowafaa. Kugeuza lita 1 kuwa mvuke kunakula kama kilowati-saa 0.65 za joto. Jenereta la kilowati 100 likibeba mzigo wote, maji yake ya kupoza yanakupa kilowati 60 hivi, basi hapo ni lita 90 kwa saa. Ukipanga matangi mawili, mvuke wa la kwanza ukachemsha la pili, unapata karibu mara mbili, ila na gharama nayo inapanda. Kwa hiyo ulizeni kwanza linawaka saa ngapi kwa siku na kwa mzigo gani. Kama ni la umeme ukikatika tu, achaneni nalo, na msithubutu kuliwasha kwa ajili ya maji peke yake, mtambo wa kuchuja kwa presha unatumia kilowati-saa 3 au 4 tu za umeme kwa lita 1,000.

Mie ninachokiogopa zaidi ni afya zenu. Nyuzi 45 haziui vijidudu, lazima mtie klorini. Na ile dawa ya rejeta ni sumu, bati likitoboka inaingia kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo wekeni mzunguko wa maji safi katikati, joto lipite humo kwanza. Yale maji makali ya chumvi yanayobaki nayo msiyamwage pwani penye mashamba ya mwani ya kina mama, yapelekeni kwenye kina penye mkondo.