Maswali ya Wasomaji: Asali Isikutane Mapema na Moto

SWALI: Mama wa ukurasa wa mapishi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Ninapenda kuwapikia wanangu vipapatio vya kuku vyenye utamu na ukali wa pilipili. Huvilaza siku mbili kwenye bakuli lenye asali, maji ya ndimu nne, pilipili, kitunguu saumu na chumvi, kisha nikavichoma kwenye jiko la mkaa. Nje huwa vyeusi na vichungu, karibu na mfupa bado huonekana wekundu, na nyama yenyewe hutoka kama uji. Ninakosea wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Viungo vyako ni vizuri na wala huna haja ya kuvibadilisha. Tatizo ni kwamba umevitia vyote katika bakuli moja kwa wakati mmoja, ilhali kila kimoja kina saa yake: chumvi inataka muda mrefu, ndimu inataka muda mfupi, na asali haitaki kukutana na moto mkali ila katika dakika za mwisho.

Katika vyote ulivyovitaja, chumvi ndiyo inayopenya hasa. Huyeyuka katika majimaji ya nyama, ikasafiri polepole kuelekea mfupani, na njiani huiwezesha nyama kushika maji yake isikauke motoni. Kitunguu saumu, pilipili na asali hubaki karibu na ngozi hata ukivilaza siku mbili, na hilo lisikusikitishe, kwa sababu kipapatio kina nyama kidogo na ngozi nyingi, kwa hiyo kila tonge hubeba viungo vyake. Maji ya ndimu nayo huanza kuigeuza nyama ya juu mara yanapoigusa: hupauka kana kwamba imepikwa, na yakiachwa kwa saa nyingi huifanya iwe ya ungaunga. Huo ndio uji unaouona. Ama asali, utamu wake mwingi ni sukari ya matunda, ambayo huanza kugeuka rangi kwenye joto la nyuzi 110 hivi za Selsiasi, wakati sukari ya kawaida husubiri hadi karibu nyuzi 160. Juu ya makaa mekundu joto hupita viwango hivyo vyote viwili kwa mbali, kwa hiyo asali huwa imekwisha kuungua kabla moto haujafika mfupani.

Fanya hivi kwa kilo 1 ya vipapatio. Kata kila kimoja kwenye viungo vyake upate kipande cha begani na kile bapa chenye mifupa miwili. Ncha ziweke kando kwa ajili ya supu. Vikaushe kwa kitambaa safi. Twanga punje 6 za kitunguu saumu pamoja na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, changanya na kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi, kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, nusu kijiko cha pilipili manga na vijiko 2 vya chakula vya mafuta, kisha usugue kila kipande kwa mkono hadi chini ya ngozi inapolegea. Funika, uweke kwenye friji kwa saa 4 au usiku mzima. Kama huna friji, visivuke saa 1 nje, maana joto la Tanga halimsubiri mtu.

Utamu tunaupika kwenye chombo chake. Roweka gramu 50 za ukwaju katika nusu kikombe cha maji ya moto, ufikiche kwa vidole hadi mbegu zitoke tupu, kisha uchuje. Tia vijiko 3 vya chakula vya asali, pilipili mbuzi 1 iliyokatwakatwa na chumvi kidogo, uache rojo lichemke kwa moto mdogo kwa dakika 6 hadi 8. Chovya kijiko, kisha upitishe kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila kufunikwa, rojo limekuwa tayari. Mimi ninapendelea ukwaju kuliko ndimu katika kazi hii, kwa kuwa uchachu wake unastahimili kuchemka, ilhali harufu nzuri ya ndimu hupotea motoni. Ndimu yako ikamulie mezani.

Sasa twende jikoni, na hapa ndipo ninapokuomba uwe na subira zaidi. Sogeza makaa yote upande mmoja wa jiko, panga vipapatio upande usio na makaa, na uvifunike kwa sufuria pana iliyopinduliwa ili joto livizunguke. Vigeuze kila baada ya dakika 10. Baada ya dakika 30 hadi 40 utaona ngozi imejikunja na kushika rangi ya dhahabu, na utasikia mafuta yakidondoka tone moja moja badala ya mfululizo. Hapo ndipo unapovipaka rojo kwa brashi, unavisogeza karibu na makaa, unavigeuza baada ya dakika 1, unapaka tena, na kuvigeuza mara ya mwisho. Dakika 4 zinatosha. Rojo litatoa mapovu madogo madogo na kung'aa; likianza kutoa moshi, viondoe mara moja.

Kuhusu wekundu mfupani, rangi peke yake si ushahidi kamili. Kuku wa kisasa huchinjwa angali mchanga, mifupa yake haijakomaa, na uboho huweza kuvuja ukaitia nyama wekundu hata ikiwa imeiva. Shika ncha za kipande ukizungushe: kikiachana kwenye kiungo bila kuvutana, na maji yanayotoka yakawa meupe, kimeiva. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe nyama imefika nyuzi 74 kwa usalama, lakini kipapatio huwa kitamu zaidi kikifika 85 au zaidi, kwa sababu ngozi na kano zake zinahitaji joto hilo ili zilainike.

SWALI: Mimi ni kijana ninayeishi peke yangu Nairobi, natumia oveni. Vipapatio vyangu huiva vizuri lakini ngozi huwa laini na yenye majimaji. Tena, nimeambiwa nisioshe kuku kabla ya kumpika, jambo ambalo mama yangu hawezi kulisikia.

JIBU: Ndugu yangu, ngozi yako haikauki kwa kuwa inapikwa kwa mvuke. Baada ya kuvipaka chumvi na viungo, acha vipapatio usiku mzima kwenye rafu ya chini ya friji bila kuvifunika, juu ya sahani pana, visigusane na chakula kingine. Siku ya pili viweke juu ya wavu uliowekwa kwenye treya ili mafuta yadondoke chini, na uvioke kwa nyuzi 200 kwa dakika 40 hivi. Rojo lipake mwishoni, kisha urudishe kwa dakika 5.

Kuhusu kuosha, ninamheshimu mama yako, nami nilifunzwa vivyo hivyo kwetu. Lakini kuku mbichi huweza kubeba vijidudu vya salmonela na kampilobakta, na maji ya bomba huvirusha hadi kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu, wakati moto peke yake unaviua vyote. Mwenye kuosha na aoshe polepole ndani ya bakuli, si chini ya bomba, kisha asafishe sinki na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine.

SWALI: Je, viungo vinavyobaki kwenye bakuli la kulazia kuku naweza kuvifanya mchuzi wa kuchovea? Na mtoto wangu wa miaka minne asiyeweza pilipili nimfanyie nini? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Viungo vilivyogusana na kuku mbichi visiliwe bila kuchemshwa vikatokota kwa dakika kadhaa, na kwa maoni yangu ni afadhali kuvimwaga, maana rojo la ukwaju linatosha. Kwa mtoto, teka sehemu yake ya rojo kabla hujatia pilipili, na umpakie vipande vyake kwa kijiko kingine. Ukali wa pilipili unakaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, kwa hiyo ukiukwangua utaipunguza hata kwa wakubwa. Akionja cha watu wazima kwa bahati mbaya, mpe maziwa badala ya maji, kwa sababu ukali huo hauyeyuki katika maji, ambayo huusambaza tu mdomoni.