Magurudumu ya baiskeli za mbio: majibu kwa wasomaji

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuletwa Afrika, wengi wetu tuliyatazama macho yakiwa kwenye magurudumu. Barua zilizonifikia tangu hapo zinaonyesha hivyo. Mimi ni mwendesha baiskeli wa ridhaa kama ninyi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisuka magurudumu mwenyewe nyumbani, yaani kuunganisha ringi na habu (kitovu cha gurudumu) kwa spoki. Nimechagua maswali sita.

Shikamoo. Nina umri wa miaka 22, naendesha baiskeli ya alumini, na mwendo wangu wa kawaida ni kilomita 27 kwa saa. Nimedunduliza pesa za kununua magurudumu ya kaboni yenye ringi ya kina cha milimita 50. Nifanye hivyo? (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usinunue. Ringi yenye kina inakata upepo, hilo ni kweli, na faida yake hukua kadiri mwendo unavyopanda, maana ukienda kasi mara mbili upepo unakuzuia mara nne. Lakini upepo mwingi unapiga mwili wako, haupigi ringi. Ukiinamisha kifua na kubana viwiko utapata zaidi ya yale magurudumu yatakayokupa, na hulipi hata senti. Tena upepo wa ubavuni ukikuta ringi ya milimita 50 unausukuma usukani, na kwenye barabara yenye mabasi hilo si jambo dogo.

Kuhusu wepesi, tupige hesabu. Tuseme magurudumu mapya yanapunguza gramu 300, na wewe pamoja na baiskeli mna kilo 80. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Mlima wa kupanda saa nzima utaumaliza sekunde kama 13 mapema. Utasikia watu wakisema gramu moja ya kwenye ringi ni sawa na gramu mbili za kwenye fremu. Ni kweli pale unapoongeza kasi tu. Ukishakuwa kwenye mwendo wako, gramu ni gramu.

Kwa pesa hiyo nunua kwanza tairi mbili nzuri, laini, za milimita 28 kama fremu yako inazipitisha. Kinachobaki, tafuta habu ambayo koni (nati zinazobana golori kwenye ekseli) na golori zake zinapatikana mjini kwako, ringi za alumini zenye matundu 28 mbele na 32 nyuma, na spoki za kawaida zenye kiwiko (ncha iliyokunjwa), kisha mpe fundi hodari akusukie. Spoki mbili za akiba za urefu wako zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Magurudumu mengi ya kiwandani hutumia spoki za aina yake peke yake, na ikikatika moja utasubiri miezi baiskeli ikiwa imening'inia ukutani.

Kaka, spoki za gurudumu la nyuma zinakatika karibu kila mwezi, upande wa cheni. Fundi anaweka mpya, mwezi unaofuata inakatika nyingine. Nina kilo 82. Tatizo ni uzito wangu? (Tanga)

Hapana, dada yangu, na nakuomba usijinyime baiskeli kwa sababu hiyo. Kilo 82 ni mzigo wa kawaida kabisa kwa gurudumu la spoki 32 lililosukwa vizuri. Tatizo ni msuko.

Watu wengi, hata mafundi, huamini spoki hukatika kwa kukazwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake. Gurudumu linapozunguka, spoki iliyofika chini, ile inayoelekea ardhini, hulegea kidogo, kisha ikipanda inarudi kukaza. Gurudumu lenye tairi ya milimita 25 lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo kwenye kilomita moja linazunguka mara 475 hivi. Ukienda kilomita 100, kila spoki imelegea na kukaza zaidi ya mara 47,000. Ikiwa ilikazwa ipasavyo, inapoteza sehemu ndogo tu ya mkazo wake. Ikiwa ilikuwa legevu tangu mwanzo, inafika mahali haivuti kabisa, na kiwiko chake kinachezacheza ndani ya tundu la habu mpaka chuma kinachoka, kama waya unaoukunja huku na huku. Ziangalie zile zilizokatika. Nina hakika karibu zote zimekatikia kwenye kiwiko.

Ndiyo maana kubadilisha moja moja hakukusaidii. Zile zilizobaki zimeshachoka pamoja, na kila moja inangoja zamu yake. Kama ringi imenyooka na haina ufa, iache, nunua spoki mpya zote za chuma kisichoshika kutu, na gurudumu lisukwe upya. Kwa kuwa uko pwani, chagua nipeli (nati ndogo zinazokaza spoki kwenye ringi) za shaba ya manjano. Za alumini ni nyepesi, ila hewa ya chumvi inazila, na siku ukitaka kukaza zinapasukia kwenye spana. Kabla ya kusuka, nyuzi za spoki zipakwe mafuta kidogo.

Kwenye gurudumu la nyuma, spoki za upande wa cheni hukazwa kwa mvuto wa kati ya kilo 100 na 120, kulingana na kikomo cha ringi. Za upande wa pili hukaa na nusu ya mkazo huo au zaidi kidogo, kwa sababu kaseti (rundo la gia za nyuma) imeisogeza habu upande mmoja. Fundi wako kama hana kipimo, tumieni sikio. Piga spoki moja moja kwa ukucha, katikati, kama unayejaribu nyuzi za zeze. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Ukikuta moja inalia juu sana na jirani yake inalia "du", ujue fundi alinyoosha ringi kwa kukaza hapa na kulegeza pale bila kujali mkazo. Ringi itaonekana imenyooka kwa siku chache, kisha itarudi kupinda. Mwisho wa kazi, shika spoki mbilimbili zilizo sambamba na uzibane kwa nguvu za viganja, kuzunguka gurudumu lote. Utasikia zikilia "kaka-kaka" zinapokaa mahali pake. Baada ya hapo nyoosha tena. Na baada ya kilomita 200 za kwanza, lirudishe kwa fundi alikague.

Fundi wa mtaani hujaza upepo mpaka tairi linakuwa kama jiwe, anasema baiskeli ya mbio inataka hivyo. Yuko sahihi? (Mwanza)

Hayuko sahihi, ingawa hata mimi nilifundishwa hivyo zamani. Tairi gumu linaenda vizuri kwenye sakafu laini. Kwenye lami yetu yenye viraka linarukaruka, na nguvu zako zinaishia kutikisa mwili. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 28 zenye tyubu aanze na pauni 75 za upepo (kwa inchi ya mraba, PSI) nyuma na 70 mbele. Kwa milimita 25, aanze na 90 nyuma na 85 mbele. Kisha apunguze au aongeze pauni tatu tatu mpaka apate mahali pake. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba, upepo ulikuwa mdogo na ringi iliibana tyubu kwenye shimo.

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si kiwango cha kujaza. Ringi za kisasa zisizo na ndoano ya kushika tairi ukingoni zina kikomo cha pauni 72, na hazitaki tairi lolote ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Hapo usijaribu bahati. Na nunua pampu ya kusimama yenye saa ya kipimo. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha pauni 70 na 90.

Nimepata magurudumu ya mtumba ya breki za diski, bei poa sana. Fremu yangu ni ya breki za kubana ringi. Yataingia? (Nairobi)

Hayataingia, ndugu yangu. Fremu yako nyuma ina nafasi ya milimita 130 na gurudumu hufungwa kwa wenzo wa kufungua haraka. Mengi ya diski yanahitaji milimita 142 na ekseli nene ya kupenyeza. Hata kama yangeingia, ringi zake hazina mahali pa breki kushika.

Ukiendelea kutafuta, uliza pia kuhusu mwili wa kaseti, yaani sehemu ya habu inayovalishwa kaseti. Ule wa Shimano wa gia 11 ni mrefu kuliko wa gia 10 kwa milimita 1.85. Kaseti yako ya gia 10 itakaa juu yake ukiweka pete ya unene huo, lakini kaseti ya gia 11 haikai kwenye mwili wa gia 10. Halafu ipeleke ringi juani na uzungushe macho kila tundu la spoki. Ufa mwembamba kama unywele ukitoka tundu moja kuelekea lingine, rudisha.

Gurudumu la mbele linachezacheza nikilishika. Nikikaza koni linakuwa zito. Nifanyeje? (Arusha)

Hapa siri ni moja. Wenzo ukifungwa unaibana ekseli, na kamchezo kadogo kanapotea. Kwa hiyo gurudumu likiwa mezani, liache na mchezo mdogo sana. Lifunge kwenye uma, shika ringi na uisukume kushoto na kulia. Mchezo ukiwa umekwisha na gurudumu bado linazunguka lenyewe mpaka uzito wa vali uliteremshe chini, umepatia.

Ukishafungua, usikaze tu na kufunga. Toa golori zote. Kwenye habu nyingi za Shimano mbele ni 10 za inchi 3/16 kila upande, na nyuma ni 9 za inchi 1/4. Weka mpya, bei yake ni ndogo. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa, kisha pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya koni. Ikikwama kwenye vishimo, koni hiyo imekufa. Koni inabadilishwa. Kikombe cha habu kikiwa na vishimo, habu ndiyo imekwisha. Adui mkubwa ni mashine za maji za kuoshea magari, zinasukuma vumbi jekundu moja kwa moja ndani ya beringi. Osha kwa ndoo na sifongo.

Ringi yangu ya nyuma imekuwa kama imebonyea pale raba za breki zinaposhika. Ni hatari? (Dar es Salaam)

Ni hatari, na naomba usiiendeshe tena kabla ya kuipima. Raba pamoja na mchanga huilamba alumini kidogo kidogo, huku upepo wa tairi unasukuma kuta za ringi nje. Ukuta ukishakuwa mwembamba, unapasuka.

Mimi liliwahi kunitokea nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Nilihisi breki inagonga vidoleni, pigo moja kwa kila mzunguko. Nilitaka kuendelea, kwa kuwa bado ilikuwa inashika. Nikasimama. Kwenye ukuta wa ringi kulikuwa na ufa mrefu kama kidole, na ukingo umeanza kufunguka nje. Nilitoa upepo pale pale na kupanda daladala. Kona zilizokuwa mbele yangu bado naziota.

Ringi nyingi zina kitundu au mfereji mdogo kwenye njia ya breki. Ukiwa hauonekani tena, ringi imekwisha. Kama yako haina alama hiyo, simamisha rula kwenye njia ya breki. Mwanga ukipita wazi katikati, badilisha. Na kila baada ya mvua fungua raba zako uzitazame uso kwa uso. Ukiona vipande vya alumini vinavyometameta vimejichomeka humo, vichokonoe kwa sindano kabla ya safari nyingine.