Mwandikie usiku mmoja wa wodini

Dada, umeuliza kama kumwandikia mbunge kuhusu manesi kupigwa kazini hapa Marekani kunasaidia chochote. Kunasaidia, ila achana na ile barua ya kunakili ambayo kila mtu anaweka jina lake tu. Mwandikie usiku mmoja: mlikuwa manesi wangapi, wagonjwa wangapi, mlinzi alichukua dakika ngapi kufika. Jina la mgonjwa usiliweke. Mimi niliandika kuhusu kitambulisho changu. Mgonjwa alikishika akavuta, na kamba yangu ya shingoni haikuwa ile inayoachia ikivutwa. Msaidizi wa mbunge alinipigia kuulizia hiyo kamba.

Kisha omba kitu mahususi. California ilipitisha sheria mwaka 2014, hospitali zikatakiwa kuwa na mpango wa kuzuia vurugu, na manesi washirikishwe kuuandaa. Mswada wa nchi nzima ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 na tena 2021, ukakwama Seneti. Kwa hiyo usiwasahau maseneta wako wawili.

Na tafadhali, kila tukio liandikie ripoti siku hiyohiyo, hata likiwa kofi moja, na tarehe yake ubaki nayo.