Kambi ya kikapu ya likizo yenye mashindano mwishoni: kabla ya kulipa, omba ratiba ya siku za mwisho

Dada uliyeuliza, nimekusoma vizuri. Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: binti yake ana miaka 14, anachezea timu ya shule hapa Dar, na ameona tangazo la kambi ya wiki mbili likizo hii ya Desemba. Asubuhi mazoezi ya viungo, jioni mpira, siku tatu za mwisho mashindano. Anauliza kama ampeleke au mtoto atamrudia na magoti mabovu. Waliotangulia wengi wamejibu "mpeleke tu, akakomae". Mimi nafundisha kikapu kwa vijana na likizo zangu nyingi zinaishia kwenye kambi za namna hii, kwa hiyo naomba univumilie nijibu kwa urefu.

Mpeleke, ila ratiba uione kwanza. Na ukiipata usianze kuisoma siku ya kwanza, maana siku ya kwanza kila kambi inapendeza. Nenda moja kwa moja kwenye siku mbili kabla ya mashindano, na siku zenyewe za mashindano. Kocha anayejua kazi yake, mazoezi ya viungo yanapungua kadiri mechi zinavyokaribia, na siku ya mechi yanabaki kupasha mwili moto tu. Asiyejua anafanya kinyume: mashindano yakikaribia ndiyo anazidisha mbio.

Nimewahi kufika kwenye kambi moja ambapo watoto walikimbizwa ufukweni mchangani asubuhi ya siku ya mechi, halafu saa kumi jioni wakaingia uwanjani kucheza mechi mbili. Kufika robo ya tatu, kila mpira ukisimama mikono yote ilikuwa magotini. Mitupo ikawa inafia mbele ya pete, mmoja baada ya mwingine, na kocha pembeni anapiga kelele "tupa kwa nguvu!" Wakati nguvu ya mtupo inatoka miguuni, na miguu aliimaliza yeye asubuhi. Wale watoto hawakufaidi mazoezi wala mechi. Mwili haujengeki ukiwa unakimbia; unajengeka baadaye, ukishakula na kulala. Ukimkamua mtoto kila siku bila kumpa nafasi hiyo, siku ya mashindano unampeleka akiwa dhaifu kuliko alivyokuja.

Kuhusu aina ya mazoezi yenyewe. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28, shambulizi moja lina sekunde 24, robo ni dakika 10. Ni mchezo wa kukurupuka, kusimama ghafla, kuruka, kugeuka, kisha kupumua kidogo na kuanza tena. Sasa kumkimbiza mtoto kilomita nane barabarani kila alfajiri kunampa pumzi ya mbio za barabarani. Pumzi ya kikapu inatafutwa kwa mbio fupi za kasi zenye mapumziko ya kutosha, kuteleza kwa pembeni kama anayelinda, kukimbia huku anadunda mpira. Nusu ya mazoezi ya pumzi yanaweza kufanyika watoto wakicheza watatu kwa watatu na wasijue kabisa kwamba wanafanyishwa mazoezi. Hizo ndizo dakika wanazozipenda kuliko zote.

Ila kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumfundisha binti wa miaka 14 asubuhi, ningechagua kutua. Hili naomba ulisome polepole kwa sababu ndilo lenye goti ndani yake. Katika michezo ya kuruka na kukata kona, wasichana wanachanika kano ya katikati ya goti zaidi ya wavulana, na mara nyingi hakuna hata aliyewagusa. Mtoto anaruka kufuata ribaundi (mpira uliokosa pete na kurudi), anatua mguu umenyooka au goti limeingia ndani, basi. Mazoezi ya kuzuia hilo yapo na yanafanya kazi: kuruka na kutua kwa miguu miwili, kisha mmoja, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa vizuri, kuimarisha nyonga na tumbo. Dakika 15 hadi 20 mwanzoni mwa kipindi, kila kipindi, zinatosha.

Sisi tunafanya hivi. Watoto wanapanda kwenye ngazi ya chini ya jukwaa, kimo cha kama sentimita 30, mmoja mmoja anashuka kwa kuruka na kutua. Wenzake wamegeuka, wanasikiliza tu. Akitua kwa kishindo, wanasema "rudia". Akitua kimya, magoti yamekunjika na yanaangalia upande uleule wa vidole vya miguu, wanampigia makofi na anayefuata anapanda. Siku ya kwanza saruji inalia vishindo mpaka mlinzi anakuja kuchungulia. Wiki moja baadaye unasikia soli za viatu tu. Mtoto aliyefika hapo, hata mashindano yakiisha bila kombe, amebeba kitu cha kumlinda miaka yote atakayocheza.

Kuhusu vyuma, kuna mchangiaji ameandika kwamba vinadumaza mtoto. Hapana. Kwa uzito mdogo, mkao sahihi na mtu mzima anayeangalia, havidumazi. Ila kwa kambi ya wiki mbili wala hakuna haja. Pushapu na kuchuchumaa kwa uzito wa mwili wake vinamtosha.

Sasa hilo goti ulilotaja. Umesema akigusa mfupa ulio chini ya pia ya goti anasikia maumivu, na mwaka huu amerefuka sana. Mimi si daktari, na hapo naomba umwone daktari kabla ya kambi. Ila ujue kwamba hilo tunaliona sana kwa watoto walio kwenye miaka ya kurefuka: mfupa unakua haraka, kano ya misuli ya paja inavuta pale inapojishikiza chini ya goti, panauma na wakati mwingine panatokeza kinundu. Kwa kawaida hupita mtoto akimaliza kukua. Matibabu yake makubwa ni kupunguza kuruka na kukimbia kwa muda, siyo kufunga bendeji na kuendelea. Kwa hiyo muulize kocha swali hili: "Mtoto akisema goti linauma, mnafanya nini?" Akikujibu kwamba anapunguziwa miruko na anapewa kazi ya mitupo huru na kudunda mpira, huyo ni mtu wa kumwachia mtoto. Akikuambia "huwa tunawafundisha uvumilivu", chukua begi lako uondoke.

Nije kwenye mashindano. Wengine wanasema kambi ya watoto haihitaji mashindano. Sikubaliani nao. Mtoto anaweza kuweka leyapu (mtupo wa karibu kabisa na pete) kumi mfululizo kwenye foleni ya mazoezi, halafu akikutana na mtu mbele yake na saa inakimbia, mkono unaganda. Bila mechi hajui amejifunza nini. Tatizo linakuja kwenye hesabu. Chukua kambi ya watoto 48, timu nane za watoto sita sita. Ukigawa makundi mawili ya timu nne nne, kila kundi lina mechi 6, jumla 12. Weka nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali, unapata mechi 16, na timu inayofika mwisho imecheza 5. Kwa siku tatu, mechi mbili kwa siku ni nyingi tayari kama ni za dakika 40 kamili. Kambi nzuri inafupisha, inacheza vipindi viwili vya dakika 10, na inaacha saa kadhaa kati ya mechi na mechi. Au inaweka kikapu cha watatu kwa watatu, kinachotumia nusu uwanja: dakika 10 au pointi 21, timu ina watu wanne tu, kwa hiyo hakuna mtoto wa kuoza benchi. Waulize pia kuhusu hilo benchi. Kwenye kambi uliyoilipia, kila mtoto anatakiwa kucheza kila mechi, na hili liandikwe kwenye kanuni kabla mpira haujarushwa, kwa sababu ikifika nusu fainali makocha wengi tunasahau yote na kumtafuta mtoto mrefu.

Wasichana wanacheza na mpira namba 6, wa wavulana ni namba 7, mkubwa zaidi. Ukikuta kambi ina mipira ya namba 7 tu, mikono ya binti yako itajifunza mtupo mbaya. Na kama anavaa hijabu, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliruhusu rasmi tangu Oktoba 2017, asije mwamuzi akamtoa.

Desemba Dar unaijua: jua kali na jasho halikauki. Viwanja vyetu vingi ni vya wazi na ni vya saruji. Kazi ya viungo iishe kabla ya saa tatu asubuhi, na mechi zisianze kabla ya saa kumi. Katikati hapo wakae kivulini, wale, wajifunze kanuni, walale. Uwanja ufagiliwe kabla ya kila kipindi. Vumbi juu ya saruji linateleza, na mtoto anaweza kupinda enka hapo. Mpe chupa kubwa yake mwenyewe ya maji anywe kidogo kidogo kutwa nzima, na ndizi mbili kwenye begi. Chakula kizito kiishe saa mbili hadi tatu kabla ya mechi. Viatu asivae vipya siku ya kwanza ya mashindano.

Usingizi ndio unaosahaulika. Umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Wewe umesema mnaishi Mbagala na kambi inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjini. Maana yake mtoto ataamka saa kumi alfajiri, ashindane na daladala, arudi jioni na foleni, akalale saa nne. Akikaa hivyo wiki mbili, hakuna mazoezi yatakayomwingia. Kama una ndugu Upanga, Kariakoo au Ilala wa kulala kwake, mwombe. Ikishindikana, mwombe kocha aanze saa moja na nusu siku hizo. Ukiwa na wazazi wenzako wa Mbagala wenye ombi hilohilo, atawasikia.

La mwisho ni hilo tangazo linalosema "maskauti watakuwepo", yaani watafuta vipaji. Isikutie presha. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar aliyechaguliwa wa 2 kwenye NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Joel Embiid wa Kamerun naye alianza akiwa na umri huohuo, akaonekana kwenye kambi ya Luc Mbah a Moute, Mkamerun aliyecheza NBA, kule kwao, na 2014 akachaguliwa wa 3. Kwa hiyo ni kweli kambi inaweza kumfungulia mtoto mlango, lakini miaka 14 hajachelewa chochote, na hakuna sababu ya kumchezesha na goti linalouma eti fursa itapita.

Omba ratiba, majina ya makocha, nani wa huduma ya kwanza na hospitali wanayotumia mtoto akiumia. Ukiipata ratiba ibandike hapa, futa jina la kambi kama hutaki matatizo, tuipitie siku kwa siku. Na uniambie daktari amesemaje kuhusu goti, nikuandikie mazoezi ya kutua anayoweza kuanza nyumbani wiki hii.